Chachu ya Wimbi na Futari ya Bi Zaituni

Siku mliponiaga mlinipa kitenge, saa ya ukutani na keki. Keki, waokaji wangu. Mtu ameoka mkate miaka yote hiyo, anaagwa kwa keki ya dukani. Nimewasamehe kwa sababu kitenge ni kizuri na saa inakwenda vizuri, ingawa sijui mstaafu anakimbilia nini. Baadaye Fridah, aliyebaki na ufunguo wa tanuri letu la Komarock, aliniomba niandike vipimo vya mikate ya chachu kabla sijasahau. Vipimo viko kwenye lile daftari lenye madoa ya mafuta, na nusu yake si vya kuaminika, kwa sababu unga wa wimbi, yaani ulezi, wa wakati wa jua haunywi maji sawa na wa wakati wa mvua. Mkono ndio unaojua. Kwa hiyo nitawaandikia yale ambayo hayamo kwenye daftari: nilivyoanza, nilivyoharibu, na mtu aliyenifundisha.

Nilianza Makongeni, mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Kiwanda nilimokuwa nikishona mashati kilitupunguza wengi kwa siku moja, nikarudi nyumbani na mkasi wangu na mikono isiyojua kukaa bure. Mume wangu, Baba Simiyu, alikuwa mtu wa karakana ya reli, mpole, mwenye maneno machache na yote yana makali. Asubuhi alipenda uji wa wimbi uliochacha, ule wa kwetu Bungoma. Unaloweka unga siku mbili tatu mpaka utoe mapovu na harufu ya kukwaruza pua, ndipo unaupika. Siku moja nilitaka kuoka mkate, hamira ikawa imeniishia, na ule mchanganyiko wa wimbi ulikuwa umebaki kwenye mkebe. Nikaumimina kwenye unga wa ngano, nikatia chumvi, nikakanda, nikauacha tangu asubuhi hadi alasiri. Ukapanda kidogo, kwa shingo upande. Nikauoka kwenye sufuria.

Baba Simiyu aliugonga mezani mara mbili, akauliza, "Huu ni mkate ama ni uji umekauka?"

Hata hivyo alikula vipande vitatu, na kesho yake akauliza kama umebaki. Mimi nikaanza kuulisha ule mkebe kila asubuhi, kijiko cha unga na maji kidogo, kama mtu aliyefuga kuku mmoja na hataki afe. Mkate wa pili ukatoka umeungua chini na mbichi juu. Wa tatu vilevile. Wa nne ndio ulioniletea mwalimu.

Bi Zaituni aliishi laini ya pili, safu ya pili ya nyumba kutoka kwetu. Alikuwa mjane, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, na alikaa na mwanawe aliyekuwa fundi wa injini za treni. Alizaliwa Majengo, kule Pumwani, akakulia katika moshi wa mahamri na mikate ya sinia. Alifuata harufu ya kuungua mpaka mlangoni pangu, akasimama, akatazama jiko langu kwa huruma. "Mwanangu," akasema, "unaoka mkate au unauadhibu?"

Nilimkaribisha. Kabla ya kukaa aliona ule mkebe, akafunua mfuniko, akanusa, akarudi nyuma hatua moja. Makongeni ya siku zile, wimbi lililochacha lilimaanisha jambo moja tu, busaa, na mama aliyekuwa na mkebe wa namna hiyo hakuhitaji kujieleza. Aliniuliza waziwazi kama hiyo ni ya pombe. Nikaweka mkono kifuani nikamwambia ni unga na maji tu, na kwamba humo hakitaingia kamwe kitu cha pombe, Mungu shahidi yangu. Alinitazama juu ya miwani. Kisha akavuta stuli.

"Basi nitakula cha mkono wako," akasema.

Mwenyezi Mungu amrehemu. Karibu kila mnachokijua kuhusu moto kilitoka kwake. Alinifundisha kuweka kokoto chini ya sufuria kubwa, na ile ndogo yenye mkate juu yake, ili mkate usikae juu ya moto kama mshitakiwa. Alinifundisha kufunika kwa bati na kutia makaa juu, na makaa ya juu yazidi ya chini, jambo ambalo kila mwanafunzi hulifanya kinyume mpaka leo. Kupima moto tulinyunyiza unga kidogo kwenye kisinia. Yeye alisoma Alhamdu kimoyomoyo. Mimi, Mkatoliki, nikasali Baba Yetu. Nikifika pale tunapoomba mkate wa kila siku na unga umekuwa rangi ya chai ya maziwa, moto uko sawa. Ukiwa mweusi kabla ya hapo, toa makaa. Mkaguzi mmoja wa afya aliwahi kuniuliza tanuri langu la kwanza lilikuwa na kipimajoto gani, nikamwambia cha maombi, akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Nafaka tulijifunza pamoja, kwa kuharibu. Wimbi peke yake halishikani, mkate unamomonyoka kama ukuta wa udongo, kwa hiyo sehemu moja ya wimbi kwa tatu za ngano. Mtama mwekundu una uchungu unaokuja mwisho, unapoa ukitiwa sukari guru. Unga wa mahindi lazima uupike uji mzito kwanza, uache upoe, ndipo uukande na ngano. Ukiutia mkavu utakula mchanga. Mimi nilileta simsim, mbegu za ufuta, kutoka nyumbani, yeye akaleta habasoda na iliki. Tulitia viazi vitamu vilivyopondwa, boga, ndizi zilizokwisha kuwa nyeusi, karanga zilizokaangwa na kutwangwa nusu. Mteja mmoja aliniomba mkate wa omena, wale dagaa. Nilimwokea. Tuyaache hapo.

Wateja walikuja wenyewe. Kwanza majirani, halafu wanawake waliofanya kazi viwandani, halafu watu wa Dandora waliopita jioni wakitoka kazini. Njeri, aliyekuwa akifungasha sabuni kiwandani, alikuwa akiita toka mbali, "Sasa Mama Simiyu! Leo mkate ya boga iko ama tumekosa?" Walipenda kwamba mkate huo ulikaa siku nne bila kuota ukungu, na kwamba ukila kipande kimoja na chai unaweza kufika mchana. Bi Zaituni ndiye aliyewaleta jamaa zake wa Majengo, nao wakaleta wengine. Aliwaambia wote neno moja: mimi nimeona kilichomo. Kwa watu wale, neno hilo lilitosha. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuniuliza swali.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mwaka wa pili wa kazi yangu, Ramadhani iliangukia kipindi cha jua kali. Bi Zaituni alikuwa amewaalika dada yake na wakwe wa mwanawe kutoka Majengo, waje wafuturu kwake. Aliniagiza mikate sita, mitatu ya simsim na mitatu ya iliki na ndizi. Alikuwa amewasifia mkate wangu mpaka nikaona haya. Aliniambia, kwa utani lakini si utani sana, "Usiniaibishe, mwanangu. Nimejisifu mbele ya wakwe."

Siku moja kabla, nikaona chachu imelala. Joto lilikuwa jingi, nadhani nilikuwa nimesahau kuilisha, ikachoka. Mwokaji mwenye akili angeitupa nusu yake, aiongeze unga mpya, aingoje. Mimi nilitaka iamke upesi. Nikachemsha maji, nikayaacha yapoe kidogo, nikayamimina mkebeni. Hayakuwa yamepoa. Niliona mapovu machache yakipanda, nikafurahi, kisha kukawa kimya. Kufikia jioni juu palikuwa na maji ya kijivu na chini unga umetulia kama simiti. Chachu ni kitu chenye uhai, na mimi nilikuwa nimeipika.

Hamira dukani ilikuwepo. Hilo nalisema ili msinihurumie. Lakini watu walikuwa wameahidiwa mkate wa chachu ya wimbi, ule mkali kidogo, na mimi nilikuwa nimeanza kujiona fundi. Kiburi. Mwisho wa laini yetu aliishi mama mmoja, jina lake nitalihifadhi, aliyekuwa akipika busaa kwa siri ambayo kila mtu aliijua. Asubuhi nilikwenda kwake na kikombe. Akanipa machicha, yale mashapo yanayobaki pombe ikichujwa, ya upishi wa jana, yakibubujika yenyewe. Hakuuliza ya nini. Alinitazama tu, akacheka kidogo.

Njiani nilijisomea hoja zangu zote. Wimbi ni wimbi. Machicha yangechanganywa na unga mwingi. Moto ungemaliza kila kitu. Nani angejua? Hoja hizo zilikuwa nzuri, na mlijue hili, mtu anayehitaji hoja nne kutia kitu kwenye unga tayari anajua kwamba hakifai kutiwa.

Na mkate ule, jamani, ulipanda. Sijawahi kuona unga ukipanda vile. Ulijaa sufuria, ukainua bati na makaa yake, ganda likapasuka juu vizuri kama limechorwa. Harufu ya iliki na ndizi ilifika mpaka barabarani. Saa kumi na moja niliifunga mikate sita kwenye kitambaa safi, nikampelekea Bi Zaituni. Alikuwa jikoni akikoroga uji wa pilipili manga. Aliugusa mkate wa juu kwa mgongo wa kidole, akafumba macho, akaniombea dua ndefu, mimi na watoto wangu na mikono yangu. Aliitaja mikono yangu. Nikasema amina, nikarudi nyumbani.

Nyumbani nilifuta meza. Nikaifuta tena. Baba Simiyu aliyekuwa akisoma gazeti aliniuliza hiyo meza imekosa nini. Nilikuwa nikiangalia mwanga wa mlangoni ukibadilika na kuhesabu dakika zilizobaki kabla ya adhana ya magharibi. Mtu yule alikuwa amefunga tangu alfajiri, bila hata tone la maji katika jua lile, na kitu ambacho angetia kinywani kilikuwa na machicha ya busaa, kwa sababu mimi nilimwapia kwamba hakina. Mambo ya halali na haramu ya dini yake siyajui, siyasemei. Kiapo changu nilikijua.

Nilikimbia. Mwanamke mzima, aproni kiunoni, ndara moja ilibaki njiani. Nilipofika mkeka ulikuwa umetandikwa, wageni wameketi, tende kwenye sahani, na mikate yangu miwili imekatwa vipande na kupangwa katikati kama bibi harusi. Dada yake aliniona akasema huyu ndiye mwokaji, karibu, keti. Nikamwomba Bi Zaituni aje jikoni. Alidhani nimepata msiba.

Nilimwambia kwa maneno machache, kwa sababu mengi hayakuwepo. Kwamba chachu ilikufa. Kwamba nilichukua machicha kwa mama yule wa mwisho wa laini. Kwamba yamo katika mikate yote sita. Adhana ikaanza hapohapo, akiwa ameshika ukingo wa meza ya jikoni.

Kisha akatoka. Nilimsikia akiwaambia wageni, kwa sauti yake ya kila siku, kwamba mkate umezidi uchachu, usiliwe, watafuturu kwa tambi na uji. Akaukusanya mwenyewe kipande kwa kipande. Akala tende, akanywa maji. Hakuna aliyejua lolote. Alirudi jikoni na mikate imefungwa kwenye kitambaa changu kilekile, akanipa mkononi.

"Habari ya machicha nitamuuliza shehe," alisema polepole. "Habari yako nimuulize nani?"

Nilirudi nyumbani nikitembea, nikaokota ndara. Baba Simiyu alikula mkate ule na chai, akasema tangu niolewe sijawahi kuoka mzuri kama huo. Nilimwacha ale. Mimi sikuugusa.

Siku tisa Bi Zaituni hakupita kwangu. Nilingoja wateja wa Majengo wakatike. Angeweza kunimaliza kwa neno moja, na lingekuwa neno la kweli, wala nisingemlaumu. Lakini waliendelea kuja, wakachukua mikate ya hamira niliyowaokea siku hizo, wakauliza tu ya wimbi inarudi lini. Hakuwa amemwambia mtu. Namshukuru kwa moto na kokoto na makaa ya juu, lakini kwa ukimya huo namshukuru zaidi. Mtu anaweza kukupa ufundi wake na bado asikupe hilo.

Mkebe niliusugua kwa majivu, nikauchemsha, nikauanika juani siku nzima. Nikaanza upya kwa unga wa wimbi uliosagwa mbele ya macho yangu na maji ya mfereji. Siku ya kwanza hakuna kitu. Ya tatu harufu mbaya, ambayo mwanafunzi hudhani imeharibika na kumwaga, msimwage, ngojeni. Ya tano ikaanza kunukia tufaha lililoiva. Ya saba ikapanda na kushuka yenyewe. Siku ya tisa nilikuwa nakanda mkate wa kwanza kutokana nayo, mlango ukafunikwa na kivuli. Bi Zaituni aliingia bila salamu ndefu, akavuta stuli, akaketi.

"Umetia nini?"

Nikamwambia. Wimbi, ngano, maji, chumvi. Akauliza maji ya wapi, nikasema mfereji wa nje. Unga wa wapi, nikamtajia kinu cha posho. Chumvi je? Nikamwonyesha pakiti. Akaitikia kwa kichwa, akanisaidia kuwasha jiko. Mkate ulipotoka hakuula. Alisema amefunga, jambo ambalo lilikuwa kweli, lakini hakubeba hata kipande cha futari.

Baada ya Idi alianza kula, na kila mara aliuliza kwanza. Umetia nini? Kila mkate, kila mara, mbele ya mtu yeyote. Njeri alicheka akasema mathe anauliza kama polisi. Mwanzoni nilijibu kwa aibu, halafu kwa mazoea, halafu, nitakiri, kwa hasira. Siku moja nilichoka nikamjibu, "Unga, maji, chumvi na uchovu wangu." Akasema uchovu hauharamishi mkate, niendelee na orodha. Nikaendelea na orodha. Ndiyo maana nanyi niliwalazimisha kumtajia mteja kila kilichomo, hata asipouliza, hata foleni ikiwa ndefu, mkaninung'unikia nyuma ya tanuri mkidhani sisikii. Nilisikia.

Mwaka ukazunguka, Ramadhani ikarudi. Bi Zaituni akaalika watu walewale, dada yake na wakwe, akaniagiza mikate sita. Hakusema nisimwaibishe. Niliilisha chachu wiki nzima kama mgonjwa wa malaria. Nilioka mchana, nikapeleka saa kumi na moja, na safari hii akanishika mkono akasema nisiondoke, nitafuturu nao. Nikakaa ukingoni mwa mkeka, nikingoja swali lake ili nijibu mbele ya wote. Nilikuwa nimeipanga orodha kichwani, pamoja na jina la kinu.

Adhana ikaita. Walikula tende, wakanywa maji. Dada yake ndiye aliyeuchukua mkate kwanza. Akaunusa, akasita kidogo. Ile harufu ya kuchacha ilimgusa pua, na mimi nikajua anachofikiri. Akauliza, bila ubaya, "Zaituni, huu umechachushwa na nini?"

Nikafungua kinywa. Bi Zaituni alikuwa keshanyoosha mkono, amemega kipande kikubwa. Hakunitazama.

"Kaoka Mama Simiyu," akasema, akala.

Dada yake naye akala. Mazungumzo yakahamia kwa mtoto wa mtu aliyefaulu mtihani. Mimi niliomba ruhusa, nikatoka nje hadi kwenye mfereji, nikafungua maji na kujifanya nanawa uso, na hapo nililia mpaka maji yakajaa ndoo ya mtu mwingine na kumwagika.